Mlinzi wa Hospitali Isiyokuwepo

Mume wangu alilinda hospitali kwa miaka ishirini na miwili, na hospitali yenyewe haikuwepo. Usinicheke. Nimeshachekwa vya kutosha sokoni, bombani, hadi msibani, tena na watu waliokuja kunipa pole. Kilikuwa kiwanja kitupu kando ya barabara inayotoka mjini, ekari sita za majani, na katikati yake kiti kimoja cha mbao. Juu ya kiti, mume wangu.

Nieleze ilikuwaje, maana wageni hudhani natia chumvi. Halmashauri yetu iliupanga mji kwa miaka ishirini mbele. Hapa soko, pale stendi, kule makaburi, na upande huu hospitali, itakayojengwa siku ikifika. Sasa, kiwanja kitupu katika mji huu hakikai kitupu hata juma moja. Ukienda kunywa maji, ukirudi unakuta mtu ameshapanga matofali na anakuuliza unamtafuta nani. Kwa hiyo wakaajiri mlinzi. Wakampa sare ya kaki, filimbi, na daftari la kuandika kila kinachoingia na kila kinachotoka.

Watu wakamwita Daktari. Mwanzoni ulikuwa utani tu, lakini kufika mwaka wa tatu walishaanza kumwonyesha ndimi zao. Siku moja alikuja mama aliyeteguka mkono. Mume wangu akamwandika saa ya kuingia, akautazama ule mkono kwa huruma, akamwambia hospitali bado haijajengwa, akamwandika saa ya kutoka. Yule mama alimshukuru sana. Mpaka leo anasema mkono ulianza kupona palepale.

Alikuwa na sheria yake moja, aliyoitunga mwenyewe na kuiheshimu kuliko alivyoniheshimu mimi: kinachoingia asubuhi kitoke jioni, na kiwe kitu kinachoweza kubebwa na watu wawili. Kwaya, ruksa. Magoli ya mpira, ruksa, mradi miti yake ing'olewe jioni. Hema la harusi, ruksa, baada ya kulipima mwenyewe begani. Walimu wa udereva walimbembeleza mwezi mzima, akawajibu kwamba siku wakileta gari linalobebwa na watu wawili wapite hata bila kubisha. Ng'ombe walimtoa jasho, maana ng'ombe habebeki lakini anatembea mwenyewe. Alikosa raha wiki nzima. Mwishowe akaamua ng'ombe aingie, ila asilale.

Mwaka wa nne halmashauri ikagawa viwanja vya makazi upande wa pili wa barabara. Tukapata kimoja, tukajenga. Mimi nilitaka nyumba ya kawaida kama za watu. Yeye alitaka nyumba ya kutazamia kazi. Sebule ikaelekea kiwanja. Chumba cha kulala kikaelekea kiwanja. Jiko, ambalo nilimwomba kwa machozi liwe uani, nalo likaelekea kiwanja. Nyuma hatuna dirisha hata moja, utadhani tumemnunia jirani. Na jirani mwenyewe si mtu mwingine, ni Bwana Mipango, ofisa wa halmashauri aliyemwajiri mume wangu na ambaye sasa amestaafu. Nyumba tatu mbele yake ndiko anakokaa mkurugenzi wa halmashauri, kwenye ghorofa moja lenye geti linalolia kila likifunguliwa.

Likizo hakwenda hata moja. Binti yetu mkubwa alipoolewa, Daktari alikuja na sare, akakaa dakika arobaini, akarudi kazini. Kwenye picha ya harusi nimesimama na kaka yangu. Nilinuna miezi miwili, na yeye hakujua kwamba nimenuna, maana muda mwingi alikuwa kule anakotazama.

Kitu alichokuwa anakisubiri kilikuwa kimoja tu. Kuna barua ambayo halmashauri humpa mtu anapostaafu, yenye muhuri, inayosema fulani ametumikia kwa uaminifu. Wengi huipokea, wakaikunja na kuisahau mfukoni. Mume wangu aliiota. Alikuwa akiniuliza, tukiwa mezani, kama nadhani wataandika "kwa uaminifu" au "kwa uaminifu mkubwa". Nilimwambia waandike wanachotaka, mradi akae nyumbani. Zilikuwa zimebaki wiki mbili tu.

Ndipo akaja binti wa ramani.

Ule mpango wa miaka ishirini ulikuwa umekwisha, na ofisini iliwachukua miaka miwili mingine kugundua kwamba umekwisha. Wakamwita huyu binti kutoka nje aje awatengenezee mpya. Binti mdogo, mpole, viatu vya matope, kifaa cha kupimia begani. Alimwamkia mume wangu shikamoo kwa adabu, akaandikwa daftarini, akazunguka kiwanja akitazama kifaa chake. Akasimama. Akakitikisa kile kifaa. Akazunguka tena. Kisha akavuka barabara, akapita mbele ya nyumba yangu, akaja moja kwa moja uani nilipokuwa nafua, akachutama miguuni pangu.

Akaniuliza kwa upole lile jiwe limekuwa hapo tangu lini. Ni jiwe la saruji, limechomoza kidogo karibu na banda la kuku. Nikamwambia tulilikuta, na ni jiwe zuri sana, mimi nasugulia visigino vyangu hapo mwaka wa kumi na nane huu. Akalifuta kwa kidole. Chini ya uchafu wa visigino vyangu kulikuwa na namba.

Jioni, mume wangu alipotoka kazini, alitufuata sebuleni, akatandika ramani juu ya meza, akaizuia pembe kwa vikombe vyangu. Alieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Viwanja vilikuwa viwili, vinatazamana, ukubwa uleule, barabara katikati. Ukitoka mjini, cha kushoto ni cha hospitali na cha kulia ni cha makazi. Hivyo ndivyo ilivyochorwa na hivyo ndivyo mawe yalivyochimbiwa. Mume wangu alikuwa amelinda cha kulia.

Nikajumlisha polepole, kwa vidole. Kama hospitali ni huku kushoto, basi hizi nyumba hamsini na tatu zote, ya Bwana Mipango, ya mkurugenzi, na hii tuliyokalia tukinywa chai, zimejengwa ndani ya hospitali. Na visigino vyangu nilikuwa nasugulia kwenye jiwe la pembe la serikali.

Nikauliza halmashauri waligawaje viwanja bila kuona. Binti akainamisha macho. Alikuwa ameshasoma mafaili. Wapimaji walipofika, ramani ilikuwa imekunjwa ndani ya gari na hawakutaka kuikunjua kwa sababu ya upepo. Wakamwona Daktari na sare yake. Wakamuuliza hospitali iko wapi, akawaonyesha, wakapima upande wa pili.

Mume wangu hakuuliza habari za nyumba. Aliitazama ile ramani muda mrefu, kidole chake juu ya barabara.

"Kwa hiyo miaka yote hii," akasema, "mimi nilikuwa wapi?"

Binti wa watu aliokota vikombe vyangu kimoja kimoja, akakunja ramani yake, akaondoka amejiinamia.

Ningelia na mume wangu siku hiyo, wallahi, kama angenipa nafasi. Lakini kesho yake, Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, namwona anavuka barabara na kile kiti cha mbao kichwani. Anakuja huku. Akakiweka mbele ya mlango wangu, akakaa, akafungua daftari jipya. Nilisoma juu ya bega lake. Alikuwa ameandika: "Saa kumi na mbili kamili. Nimefika kazini. Nyumba hamsini na tatu zimeingia, hazijatoka."

Nikamuuliza kama yuko timamu. Akasema yuko kazini.

Jamani, niliyoyaona siku tatu hizo simwombei adui. Alianza na mimi. Aliniambia, bila hata kunitazama usoni, kwamba vitu vyote visivyobebwa na watu wawili vinatakiwa vitoke kabla ya jioni. Nikamwambia basi nitoke mimi, maana tangu nijifungue mara ya tatu sibebeki na watu wawili. Hakucheka. Akaandika. Nikatoka na mwiko, nikamweleza yote niliyokuwa nimeyaweka moyoni: likizo, jiko, picha ya harusi, kila kitu, na majirani wakatoka vibarazani kusikiliza. Nilipomaliza akaniuliza kwa heshima kama hayo maelezo yaandikwe yameingia au yametoka.

Jumanne akakumbuka kwamba stoo kuna debe la rangi nyekundu la halmashauri, waliyompa zamani ya kuwekea alama majengo ya wavamizi, na ambayo hakuwahi kuitumia hata tone, maana kiwanjani kwake hakukujengwa kitu. Akapiga alama ya msalaba nyumba yetu kwanza. Msalaba mkubwa, ulionyooka, pembeni ya dirisha la sebule. Akatoka hapo akaenda kwa Bwana Mipango, akabisha hodi, akamsalimia, akamuuliza habari za magoti yake, akampigia msalaba. Hivyo hivyo nyumba hadi nyumba, kwa salamu na heshima zote. Jumatano adhuhuri alimaliza na geti la mkurugenzi. Alinisimulia kwamba lile geti lililia kama kawaida na akaona vibaya kulipaka likiwa wazi, kwa hiyo aliomba lifungwe kwanza.

Jioni ikaja barua, siyo ile aliyoiota. Mkurugenzi, ambaye mpaka hapo alikuwa na mpango wa kuyamaliza kimyakimya, alikuwa amefura. Mume wangu anatuhumiwa kwa utoro kazini wa miaka ishirini na miwili. Anatuhumiwa kuvamia kwa kujenga nyumba kwenye ardhi aliyopewa ailinde. Anatuhumiwa kuharibu mali za watu kwa rangi. Afike kikaoni Alhamisi ajieleze kwa nini asifukuzwe.

Aliisoma mara mbili. Nilidhani atakasirika, na ningefurahi kumwona amekasirika. Badala yake akakunja barua vizuri na kusema hilo la kwanza ni kweli.

Hapo ndipo hasira zangu zote kwake ziliponiishia, zikahamia kwa mkurugenzi. Mtu amekaa juani na mvuani miaka ishirini na miwili, hajaiba hata nyasi, halafu afukuzwe imebaki wiki moja na siku mbili? Nikapiga pasi ile sare mwenyewe. Kwa mara ya kwanza niliipiga pasi vizuri, hadi ndani ya kola.

Ukumbi wa halmashauri ulijaa. Hamsini na tatu walikuja na wake zao, na wengine ambao hawakuwa na msalaba walikuja kwa ajili ya wenye misalaba, maana burudani ya bure haipatikani kila siku. Feni moja ilizunguka, ya pili ilitazama. Ramani ilibandikwa ukutani, na mkurugenzi akasimama mbele yake kwa namna ambayo mgongo wake uliificha hospitali. Akasema kwa masikitiko kwamba ofisi ilipotoshwa na mlinzi. Ofisi iliamini mlinzi anajua kiwanja chake. Mji mzima umeingia matatani kwa uzembe wa mtu mmoja.

Binti wa ramani akaomba kusema. Alikuwa amemwomba mume wangu madaftari yake, yote thelathini na moja, akayasoma siku nzima. Akafungua la kwanza kabisa, ukurasa wa kwanza, akasoma kwa sauti ile ile ya upole:

"Saa nne na robo. Bwana Mipango amefika na gari kunionyesha kiwanja. Gari limepita, limegeuzwa, limesimama kivulini likitazama mjini. Bwana Mipango hakushuka kwa kuwa kuna matope na ana viatu vipya. Amesoma ramani kwamba hospitali ni mkono wa kushoto. Ametoa mkono wa kushoto dirishani. Saa nne na dakika ishirini ameondoka."

Watu walikuwa wanageuza magari vichwani mwao. Nilimwona fundi seremala anainuka nusu, anageuka, ananyoosha mkono wa kushoto, anakaa. Kisha macho yote yakaenda kwa Bwana Mipango. Mzee wa watu alikuwa anatazama miguu yake.

"Vilikuwa vya ngozi ya suedi," akasema.

Mkurugenzi hakukubali kushindwa. Akasema gari ni gari, lakini ukweli unabaki palepale: mlinzi hakuwa kwenye hospitali, na asiyekuwepo kazini ni mtoro. Nami nikasimama. Sikupanga kusimama. Magoti yalisimama, nikayafuata.

"Mkurugenzi, baba yangu," nikamwambia, "kama mume wangu hakuwa kwenye hospitali, basi wewe umelala wodini miaka tisa. Chagua moja, sisi wote tutakufuata."

Walicheka mpaka mhudumu wa ukumbi akaja kuchungulia. Nilimwona mkurugenzi akipiga hesabu aliyoipiga kila mtu mle ndani. Ili mume wangu awe mtoro, hospitali lazima iwe kushoto. Hospitali ikiwa kushoto, ghorofa linaondoka na geti lake. Jasho lilimtoka na feni ikiwa juu yake.

Binti wa ramani akawatoa hapo walipokwama. Alisema mpango mpya unaweza kubadili matumizi ya ardhi, ndiyo kazi yake. Upande wa kulia kuna ekari sita, na ndizo ekari sita pekee zilizobaki wazi katika mji huu wote, hakuna zingine, yeye amezitafuta miezi miwili. Soko limeliwa, stendi imeliwa, makaburi yamemegwa. Hospitali inaweza kujengwa pale kesho. Kinachotakiwa ni wajumbe wakubali viwanja vibadilishane majina kwenye ramani. Bwana Mipango, ambaye alikuwa ameanza kujikaza, akaomba iongezwe maneno machache: kuanzia tarehe ya mpango wa kwanza. Ili, alisema, kusiwe na mtu aliyewahi kukosea.

Mikono ilinyooka yote, ya kushoto na ya kulia. Azimio likaandikwa. Kwa azimio hilo mume wangu alikuwa amelinda hospitali, ile ile halisi, tangu dakika ya kwanza, na tuhuma zikafutwa pamoja na misalaba, ambayo mkurugenzi aliahidi kuifuta kwa rangi ya halmashauri.

Watu walimbeba mume wangu hadi nje. Mimi nililia waziwazi, sikuona haya. Yeye uso ulikuwa umekunjamana, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. Tulipofika barabarani akarudisha kiti upande wa kulia, akakaa, akafungua daftari.

Siku ya mwisho ya mwezi mkurugenzi alikuja mwenyewe kiwanjani na ile barua, na wajumbe wawili na mpiga picha. Akaisoma mbele ya watu. Ilikuwa na muhuri na ilikuwa imeandikwa vizuri, lazima niseme. "Ametumikia kwa uaminifu mkubwa miaka ishirini na miwili bila kukosa kazini hata siku moja." Tukapiga makofi. Mume wangu akaipokea kwa mikono miwili, akaisoma mwenyewe hadi mwisho. Kisha akamrudishia.

"Nimekosa tatu," akasema. "Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Nilikuwa upande wa pili."

Mkurugenzi alidhani ni utani, akacheka. Mpiga picha akacheka. Mimi sikucheka, namjua mume wangu. Kama hospitali ni huku tangu mwanzo, basi zile siku tatu alizokaa mlangoni kwangu alikuwa ameacha kazi, na wao wenyewe ndio waliopitisha azimio. Walimbembeleza, walimwambia hakuna anayehesabu. Akawaonyesha daftari. Mwishowe mkurugenzi akachoka, akaiweka barua mikononi mwangu akisema nimpe mume wangu wakati wowote nitakaoona unafaa.

Kesho yake, mtu aliyestaafu, sare imepigwa pasi, akaenda kazini.

Nilimtazama kutoka dirishani hadi saa nne. Halafu nikajaza chupa ya chai, nikachukua kigoda, nikavuka. Miaka yote ile nilikuwa sijawahi kukaa mle ndani hata mara moja, kwa hasira tu. Aliniandika saa ya kuingia. Nikakaa kando yake. Tuliongea habari za binti zetu, na za mkwe wetu anayekoroma. Siku ya pili nilikuja mapema zaidi. Siku ya tatu ilinyesha kidogo, tukajifunika kanga moja, na hakuna aliyesema turudi nyumbani.

Saa kumi na mbili jioni ya siku ya tatu akaandika mstari wa mwisho, akafunga daftari. Akasema macho yake hayaoni vizuri jioni, nimsomee ile barua kama nimekuja nayo. Nilikuwa nayo tangu siku ya kwanza, kwenye pindo la kanga. Nikaisoma yote, na nilipofika pale pa "bila kukosa kazini hata siku moja" akanyanyua mkono kunisimamisha.

"Soma tena hapo," akasema. "Sasa ni kweli."

Nikasoma tena.